Wimbo wa Kisima Ulikatikia Iringa

Mwezi wa sita uliopita, baridi ya Mbeya ikiwa imeingia mpaka ndani ya mito ya viti, Nila alikuja nyumbani kwangu Iyunga akiwa na fimbo mkono mmoja na mfuko wa kitambaa mkono wa pili. Mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi, nywele zimesukwa mikia miwili na magoti yamejaa makovu ya kuparamia magunia. Sasa alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe, anashika ukuta kabla ya kuvuka kizingiti. Akasema, "Shikamoo, Dada Subi." Zamani aliniita Subi tu, kama mama yake alivyoniita, ingawa mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha miguu. Nikaitikia marahaba, nikamkalisha karibu na jiko la mkaa, nikamtilia chai. Akanipa habari kwamba mama yake, Mama Kanta, amefariki ugenini, na kwamba siku za mwisho alisema neno moja kuhusu mimi: kitabu kile apelekewe Subi. Nila akatia mkono mfukoni. Kabla hakijatoka nilikwisha kujua ni kitabu gani: majalada mekundu, kona zimelika, kamba ya katani mgongoni. Nisiwe mnafiki, sikulia. Mama Kanta nilikuwa na hasira naye tangu nikiwa na miaka ishirini, na hasira hiyo niliitunza vizuri, kama watu wanavyotunza sahani za wageni. Nilimwambia Nila anywe chai kwanza.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ulikuwa katikati ya miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Nilikuwa yaya na mshona pindo katika nyumba iliyokuwa nyuma ya duka la vitambaa la mumewe Mama Kanta, mjini Mbeya. Sebule yao naiona mpaka sasa: mkeka mpana, picha za miungu zilizovishwa maua ya karatasi, gramafoni juu ya kabati, na harufu ya iliki iliyokuwa imeshika hata mapazia. Kazi yangu ilikuwa kumlea Nila na mdogo wake aliyekuwa bado ananyonya, na mtoto akilala, kushona pindo za sari za wateja. Lakini kila Jumatano mchana kazi zote zilisimama. Siku hiyo sinema ya mjini ilikuwa ya wanawake peke yao. Hakuingia mwanamume yeyote isipokuwa mwendesha mashine, naye alifungiwa katika chumba chake cha juu chenye tundu moja. Mama wa Kihindi walikuja na watoto, na chupa za chai, na bhajia zilizofungwa kwenye magazeti, wakakaa kwenye viti vya nyuma. Sisi mayaya tulikaa kwenye mabenchi ya mbele kabisa, chini ya pazia. Filamu zote za mwaka ule niliziona nikiwa nimeinua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Lugha ya filamu sikuijua, ila Nila alikuja kukaa mapajani mwangu, akaninong'oneza: sasa baba amekataa, sasa huyu si kaka yake, sasa analia kwa sababu barua imelowa.

Mara moja kwa mwaka lilifika jarida kutoka Bombay lenye orodha ya nyimbo tano zilizopendekezwa kwa tuzo ya wimbo bora wa filamu. Wengine walisubiri jarida lijalo lije na jibu. Mama wa Mbeya na mama wa Iringa hawakusubiri. Walikuwa na desturi yao: waamuzi watano kutoka Mbeya na watano kutoka Iringa hukutana, mwaka huu huku, mwaka ujao kule, wakazihukumu nyimbo hizo tano wao wenyewe, kila wimbo alama hadi kumi. Wimbo ulioshinda, santuri yake ilipigwa kila Jumatano kabla ya filamu, katika miji yote miwili, mwaka mzima. Sheria zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, wimbo uwe umetungwa kwa ajili ya filamu ile, usiwe wa kuazima. Ya pili, kila mwamuzi husimama, hutaja jina lake kwa sauti, kisha husoma alama zake na sababu zake. Karatasi isiyosomwa na mwenyewe haihesabiwi. Alama za Mbeya Mama Kanta alizinakili kila mwaka katika kitabu chake chekundu. Sheria hiyo ya pili ilitungwa, niliambiwa, baada ya mama mmoja kugundulika kwamba alama zake alikuwa akiandikiwa na mume.

Ubishi wenyewe ulifanyika sebuleni mwetu wiki nyingi kabla ya safari, mimi nikiwa kwenye kona na sindano yangu, Kigujarati chao cha nyumbani nimekwisha kukizoea masikioni. Majina ya nyimbo yalikuwa marefu, kwa hiyo wote tuliziita kwa yanayoonekana: wimbo wa mvua, wimbo wa gari la ng'ombe, wimbo wa mlevi, wimbo wa harusi, wimbo wa kisima. Mama Jaya, mke wa mwenye sinema, mwanamke mnene aliyecheka mpaka bangili zikalia, alikuwa adui wa wimbo wa harusi. "Huu si mpya," alisema. "Bibi yangu aliuimba akikanda unga!"

"Bibi yako aliimba kila kitu, Jaya," Mama Kanta akamjibu. "Hata majina ya wadeni aliyaimba."

"Basi imba mstari wa pili, tuone kama ni tofauti."

Hakuna aliyeukumbuka vizuri. Mmoja akapanda, mwingine akashuka, wakaishia kucheka. Mimi, bila kuinua macho kwenye pindo, nikauimba. Niliuimba wote, mstari wa kwanza hadi wa mwisho, maneno ambayo maana yake nilipewa na mtoto wa miaka kumi. Mama Kanta akauliza, "Subi, wewe jua hii namna gani?" Nikatoa daftari chini ya kikapu cha nyuzi. Hapo ndipo siri yangu ilipotoka. Hakuna mtu aliyenifundisha muziki. Nilikuwa nimekaa nyuma ya kwaya ya kanisa miaka minne, nikifuatisha kidole cha mwimbaji wa mbele yangu kwenye kitabu cha nyimbo, mpaka nikaelewa kwamba zile herufi ndogo juu ya maneno ndizo sauti: d ni do, r ni re, m ni mi. Tangu hapo sikuweza kusikia kitu bila kukiandika. Kila Jumatano nilirudi nyumbani na filamu nzima kichwani, nikaandika nyimbo zake kabla mtoto hajaamka. Nikikosea herufi moja nilichana ukurasa. Nilichana kurasa nyingi. Nilikuwa msichana wa namna hiyo: pindo likipinda kidogo nalifumua lote, na nikisalimiwa njiani nafikiri mpaka jioni kama niliitikia sawasawa.

Basi wakati mwamuzi wa tano, mwalimu wa shule ya Wahindi, alipokwenda kujifungua, Mama Kanta akasema mbele ya wote, "Wa tano ni Subi. Yeye tu ndiye anasikia." Mama Jaya akapiga makofi. Wengine wawili wakatazamana, lakini hawakukataa. Mimi nilisema asante nikarudi kwenye pindo lisilo na kosa nikalifumua lote. Sisemi hivi kwa kuchekesha. Heshima ile niliitaka tangu sijajua kwamba ipo, na nilipoipata sikuiamini.

Rasimu ya kwanza ya karatasi yangu ya alama niliiandika siku ileile. Niliandika rasimu saba kwa jumla. Sikuupa wimbo wowote kumi, kwa sababu nilifikiri kumi ni ya malaika. Wimbo wa mvua ulipata saba: mwimbaji mzuri, lakini mvua ilikuwa ya ndoo, ilionekana. Wimbo wa mlevi nilitaka kuuchukia, nikashindwa. Wimbo wa harusi ulikuwa mtamu kama halua, na kama halua, kijiko cha tatu kinachosha. Lakini wimbo wa kisima! Msichana amesimama peke yake kisimani, anavuta kamba, na wimbo unapanda pamoja na kamba, taratibu, hatua kwa hatua, mpaka so. Hapo, badala ya kupita la na ti kama wimbo wowote wenye adabu, sauti iliruka moja kwa moja hadi do ya juu, na palepale ndoo, iliyokuwa bado chini kisimani, ikawa mkononi mwake, maji yanamwagika. Santuri yake ilikuwa bado haijafika kwetu, tuliusikia sinema tu, na Mbeya nzima iliupenda mruko ule. Watoto waliucheza uani, wanaruka na makopo. Hata wanawake waliokuwa wakija na viazi kutoka Mbalizi, ambao sinema hawakuwahi kuingia, waliupata kwa wengine wakauimba na mruko wake. Katika sababu zangu niliandika: "Mtunzi huyu ana ujasiri. Anajua kwamba anayeona kiu hahesabu vipimo vya kamba." Rasimu ya sita niliupa tisa. Ya saba, tisa na nusu. Nusu ile nilipigana nayo siku mbili.

Tulikwenda Iringa ndani ya gari la mizigo la duka, mama wanne mbele na katikati juu ya magodoro, mimi nyuma na mtoto na Nila, vumbi jekundu likitupaka sote rangi moja. Mama Shirin, mwenyeji wetu, alikuwa mke wa mwenye sinema ya Iringa. Nyumba yake ilikuwa na sebule yenye zulia, na viti kumi vilivyopangwa duara. Nilivihesabu kabla sijaona kitu kingine. Kumi. Nikakaa kwenye cha mwisho, karibu na mlango, karatasi yangu ndani ya kitambaa safi mapajani. Mama Shirin alikuja akanipa sinia. "Peleka chai," alisema, si kwa ubaya, kama mtu anayeuambia mlango ufunguke. Nami nikainuka nikapeleka. Hili ndilo nililolificha miaka yote: nilipeleka. Nilizunguka duara zima, vikombe tisa, nikimwinamia kila mwamuzi mwenzangu. Kisha nikarudi kwenye kiti changu nikakaa tena.

Wakasimama mmoja mmoja. Jina, alama, sababu. Iringa wote watano walikuwa na wimbo wa harusi. Mbeya wote wanne walikuwa na kisima. Mama Kanta alipomaliza kusoma zake, Mama Shirin akafunga kalamu. "Mbeya wanne. Wa tano hakuja. Tujumlishe."

"Subi ndiye wa tano," akasema Mama Kanta.

"Nani?"

"Huyu. Subi."

Mama Shirin akanitazama kwa mara ya kwanza. "Yaya? Kanta, umetoka Mbeya yote hiyo uje na yaya anihukumie nyimbo? Amesikia nini yaya?"

"Amesikia kuliko mimi," akasema Mama Jaya. "Mjaribu."

"Haya. Aimbe. Aimbe huo wa kisima wenu."

Nikaimba nikiwa nimesimama. Nikapanda na kamba, nikafika so, nikaruka. Upande wa Iringa ukalipuka kwa kicheko. Mmoja aliziba mdomo kwa sari. "Amekula kipande!" akasema Mama Shirin. "Jamani, amekimeza kipande kizima!" Akaenda kwenye gramafoni, akaweka santuri. Sauti ile ile, kamba ile ile, ikafika so, halafu ikapita la, ikazunguka ti mara mbili kama mtu anayefunga kilemba, ndipo ikagusa do. Hakukuwa na mruko. Mama Kanta akatazama zulia. Mimi, niliyechana kurasa kwa herufi moja, nilikuwa nimeandika mara saba wimbo usiokuwapo, nikaupa tisa na nusu, nikaandika sababu. Nilikusanya vikombe. Hakuna aliyeniambia nivikusanye. Nilitaka tu kitu cha kunitoa pale.

Jikoni alikuwapo mpishi, Mzee Kikoti, Mhehe mrefu aliyekuwa akichambua mchele. "Kamwene, binti," alisema. "Wanacheka nini huko, kama fisi walioona mfupa?" Nikaitikia kamwene, nikaweka sinia, nikamweleza, kwa sababu nisingemweleza mtu ningepasuka. Nilimwambia hata ndoo ilivyoruka ikawa mkononi. Akaacha mchele. "Ile filamu ya kisima? Si ilikatika hapa hapa! Onyesho la mwisho, kabla hawajaipakia kuja kwenu. Mkanda ulichanika, yule kijana wa mashine akakata palipoharibika, akaunga kwa gundi. Anakula jikoni kwangu, ndiye aliyenipa." Akavuta shingoni mwake. Ufunguo wa stoo ya sukari ulikuwa umening'inia kwenye mkanda mweusi unaong'aa, umekunjwa mara mbili. "Mgumu kuliko kamba," alisema. Akafungua fundo, akanipa mkanda, ufunguo akauweka mfukoni. Niliunyoosha dirishani. Ulikuwa kama yadi moja. Vipimo vya yadi nilivijua kwa macho. Picha ndogo ndogo zilifuatana: msichana, kamba, ndoo inapanda, ndoo inapanda, ndoo inapanda. Pembeni mwa picha kulikuwa na mstari mweupe unaotetemeka tangu juu hadi chini. "Hiyo ndiyo sauti," akasema Mzee Kikoti. "Kijana aliniambia." Basi zile la na ti zilikuwa mkononi mwangu, nisiweze kuzisikia.

Nikaelewa yote kwa mara moja. Filamu zilipita Iringa kwanza, ndipo zikaja kwetu. Tulichokipenda Mbeya kilikuwa kovu. Na sijui ni kitu gani kilinitokea, kwa sababu nilitazamia aibu iongezeke, lakini ikaondoka. Nilirudi sebuleni bila sinia.

"Mama Shirin," nikasema, "sikukimeza kipande. Hiki hapa. Kilibaki kwenu."

Nikauweka mkanda juu ya karatasi zao. Mama Jaya akaudaka, akaelekea nao dirishani, na bangili zikaanza kulia kabla kicheko hakijafika. "Loo! Iringa mmekula nyama, mnamcheka mliyempa mfupa!" Hata wa upande ule walicheka sasa, kicheko kingine. Mmoja akauliza kama nitabadilisha alama zangu. Nikasema sibadilishi. Nimesikia wimbo mzima na nimesikia wimbo uliokatika, na uliokatika ni bora. Mtunzi angekuwa na mkasi angekata mwenyewe.

Mama Shirin hakuwa mjinga. Alitazama mkanda, akanitazama mimi, akasema, "Sikio lake ni zuri. Sawa. Alama zake zihesabiwe. Kanta, zisome."

"Nitazisoma mwenyewe," nikasema. "Ndiyo sheria."

"Sheria ni ya waamuzi. Yaya hasimami sebuleni kwangu kujitaja jina. Leo wewe, kesho wangu."

Nikamtazama Mama Kanta. Ndiye aliyesema mbele ya wote wa tano ni Subi. Alininyooshea mkono, sauti yake ikawa ile ya kumbembeleza mtoto asiyetaka dawa. "Subi, leta karatasi. Mimi nasoma yote. Hata nusu nasoma."

"Na jina utalisoma?"

"Jina la nini? Alama ndiyo kazi."

Nilijua hesabu. Nilikuwa nimeijumlisha kichwani tangu watu wanne wa kwanza wasimame, siwezi kujizuia. Bila karatasi yangu, harusi inashinda. Pamoja nayo, kisima kinashinda. Ilinitosha kunyoosha mkono tu, na wimbo nilioupenda kuliko kitu chochote mwaka ule ungepigwa Mbeya na Iringa mwaka mzima. Nikaikunja karatasi mara nne, nikaitia kifuani ndani ya blauzi. "Basi isihesabiwe," nikasema. "Karatasi hii ina mwenyewe."

Mkanda niliuacha mezani. Nilikwenda kukaa ndani ya gari na Nila, ambaye aliniuliza kama tumeshinda.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliusaliti wimbo. Kila Jumatano ya miezi iliyofuata santuri ya harusi ilipigwa kabla ya filamu, mara nyingi kuliko kijiko cha tatu, nami nikiwa benchini na kidevu juu nilijiambia: hii umeinunua wewe. Karatasi ya saba niliichoma jikoni. Mama Kanta hakusema neno juu ya siku ile, nami sikusema, tukaendelea kukabidhiana mtoto kama watu wanaopokezana chungu cha moto. Mwaka ulipokwisha niliaga. Nikaanzisha kwaya yangu, nikaifundisha kwa herufi zile zile, na sheria niliyoileta ni moja: kabla hujaimba peke yako, unasimama unataja jina lako, na la baba yako ukipenda. Wachungaji watatu walijaribu kuifuta. Wachungaji wamehama, sheria ipo. Wimbo wa kisima nimeusikia mzima redioni mara nyingi sana tangu wakati ule. Bado naona wameongeza kitu.

Nila alimaliza chai. Akafungua kitabu mapajani, akanisogezea. Kurasa zilikuwa zimeandikwa kwa herufi za Kigujarati, ambazo sijawahi kuzijua, safu tano tano za alama. Kwenye ukurasa wa mwaka ule safu ya tano ilikuwa kipande cha karatasi kilichobandikwa, na mwandiko ulikuwa wangu. Rasimu ya sita. Niliitupa mwenyewe kwenye kikapu cha vitambaa chakavu. Mtu aliitoa, akainyoosha mikunjo yake kwa pasi. Alama ya pasi ilionekana. Juu yake pameandikwa kwa wino wa kijani.

"Anasema nini hapa?" nikauliza.

"Subilaga. Mwamuzi wa tano, Mbeya."

"Na hapa chini?"

"Haikusomwa."

"Ameandika sababu?"

Nila akafunua ukurasa wa nyuma, akatazama, akarudi. "Hapana, Dada. Ni hilo tu."

Najua Nila alitazamia nilainike, na kidogo nililainika. Mtu aliyepiga pasi karatasi ya mwenzake hakumsahau. Lakini jina langu lilikuwa limekaa miaka yote hii ndani ya kitabu kilichofungwa, ndani ya kabati, kwa herufi nisizozisoma. Jina halikukosa kuandikwa siku ile. Lilikosa kutajwa. Na kulikuwa na jambo jingine lililonikera zaidi, naona haya kulisema: hii ilikuwa rasimu ya sita.

"Ina kosa," nikamwambia Nila. "Kisima si tisa. Ni tisa na nusu. Nipe kalamu."

Akanipa. Nikaongeza nusu, nikafuta kwa kitambaa palipomwagika wino. Kisha nikamwomba afungue mlango wa mbele, pamoja na baridi ile. Wajukuu wa jirani walikuwa nje wakiosha vyombo, wakageuka. Nikashika mkono wa kiti, nikasimama. Ilichukua muda.

"Naitwa Subilaga," nikasema. "Mwamuzi wa tano, Mbeya." Nikasoma zote tano, pamoja na sababu, na ya mwisho niliisoma polepole: mtunzi huyu ana ujasiri. Sikuongeza alama hata moja kwa hasira. Halafu nikaanza kuimba, kwa sauti iliyobaki. Mstari wa pili Nila akaingia. Alikuwa amekaa nchi za watu tangu msichana, na wimbo mzima upo kila mahali, angeweza kuwa amejifunza ule. Nikapanda na kamba nikimsikiliza yeye kuliko nilivyojisikiliza mwenyewe. Tukafika so. Tukaruka pamoja hadi do ya juu, ndoo ikiwa tayari mkononi.